Kigoda Mlangoni pa Saluni

Asubuhi ile ya Ijumaa ilianza kwa kitana kupotea, kama asubuhi nyingine zote.

"Fundi, hujakiona kitana changu?"

"Kipo kichwani."

Mkewe akajipapasa. Kitana kilikuwa kimechomekwa juu ya sikio, kama kalamu ya seremala. Akacheka peke yake, akakitoa, akakirudisha mahali pake kwenye ukanda wa ngozi aliouvaa kiunoni. Halafu akaanza kuzunguka chumba akitafuta kitu kingine, ambacho hata yeye hakuwa amekijua bado.

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Fundi akanyanyuka, akayaepua, akarudi kwenye kigoda chake mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila siku, kuepua alichokibandika mwenzake. Akatia misumari midogo mdomoni kama wafanyavyo washona viatu, akakipakata kiatu cha mteja, akaanza kugonga soli.

Siku hiyo hapakuwa na wateja wa nywele. Mkewe, msusi wa saluni ile, alikuwa amewakataa wote, anaandaa kiti. Alikifuta mara mbili. Akafuta kioo kilicho mbele yake. Akazikagua rasta alizozitenga, nyeusi tupu, zimechanwa zikalazwa juu ya taulo safi. Kesho yake binti yao angekuja kusukwa. Binti huyo hakuwa ameweka kichwa chake mikononi mwa mama yake tangu asubuhi ya harusi yake, na mwanawe wa kwanza sasa alishaanza kunyoa ndevu.

Msusi akasimama nyuma ya kile kiti kitupu, mikono juu ya egemeo, akatazama kwenye kioo. Akasema maneno machache. Fundi alikuwa na misumari mdomoni, hakuweza kujibu. Akaitikia kwa kichwa.

Mchana presha ilimpanda msusi akiwa uani anaanika mataulo. Hospitali walimpokea akiwa bado na joto, pumzi hana.

Na mpaka leo Fundi hajui kama mkewe alikiona kichwa chake kikiitikia.

Walijuana kwa kiatu. Alikuja kibandani kwake akiwa msichana, kiatu kimoja mkononi na kingine mguuni, akasema kisigino kimeng'oka, tafadhali upesi, ana haraka kweli. Fundi akashona, akagonga, akapiga na rangi. Alipoinua uso, msichana hayupo. Alirudi baada ya siku kadhaa, amevaa viatu vya mtu mwingine vinavyompwaya, akauliza bila aibu, "Fundi, niliacha kiatu hapa, au nilikiota?"

Fundi alicheka mpaka akameza msumari. Ndivyo alivyosimulia kila mara, ingawa kwenye huo msumari alitia chumvi.

Damu zao zikapatana. Fundi alikuwa mzito wa kusema, mwenzake alisema kwa ajili ya wawili. Tangu siku hiyo mpaka ya mwisho alimwita Fundi, hata mbele ya wakwe, naye alimwita bibie. Wakapata nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza, chumba cha mbele wakakifanya saluni. Kioo kimoja, kiti kimoja, benchi la wanaosubiri.

Mkono wa kusuka alikuwa nao. Hilo hata aliyegombana naye hakulikana. Akikishika kichwa kikamkolea, anaweza kumaliza nusu siku bila kunywa maji, mvua inapiga bati yeye hasikii. Mistari inanyooka kama imepigwa rula. Kisha ghafla kitu kidogo kinapita, mlio wa bomba, harufu, sauti ya mtu barabarani, na mikono inasimama.

"Nakuja sasa hivi," anasema, na anaondoka.

Wakampa jina hilo hilo, Nakuja. Anaingia ndani kufuata mafuta, anaona nguo kwenye kamba, anaanua. Anaona kibanio kimevunjika, anakipeleka kwa seremala wa jirani. Kwa seremala anakuta mtoto analia, anambeba, anambembeleza, anamzungusha mtaa mzima mpaka analala. Huku nyuma mteja yupo kwenye kiti, upande mmoja malkia, upande wa pili kama aliyetoka kupigana.

Wanawake wa mtaa walibuni dawa yao. Akikaa mteja kitini, jambo la kwanza anazichukua ndala za msusi na kuzikalia.

"Leo hatoki mtu hapa, Nakuja. Ndala nimezikalia."

"Zikalie vizuri, shoga. Labda zitatotoa, nami nipate jozi nyingine."

Wakacheka wote. Na bado alitoka, miguu mitupu. Fundi alimshonea ndala nyingi kila mwaka kuliko mteja wake yeyote. Zikitoka mbili, hurudi moja.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Sufuria zilijua moto wa kuungua. Ndoo zilifurika bombani. Ukuta wa sebuleni aliuanza kuupaka bluu siku moja kwa nguvu zote, akafika dirishani, akasema nakuja. Ukabaki hivyo miaka na miaka, nusu bluu, nusu rangi ya zamani, mpaka wageni wakadhani ndio mtindo. Mama yake Fundi, enzi za uhai wake, alikuwa akiuangalia ukuta ule anasema, "Mwanangu, mke umepata. Ila kichwa chake hakina mfuniko."

Fundi alinyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko kushona viatu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mkewe alimwomba mara nyingi, tangu wakiwa wachanga wa ndoa.

"Fundi, njoo ukae hapa nioshe vyombo."

"Vyombo vinataka watu wawili?"

"Sitaki unisaidie. Kaa tu."

Alikaa. Akipiga miayo mara mbili tatu, anaona huu ni upuuzi, anatoka zake barazani kusikiliza redio. Na vyombo vinalala kwenye maji mpaka asubuhi. Alikuwa akiviona vile vyombo, anakunja uso, anapita. Hakuyaunganisha hayo mawili, kukaa kwake na kuoshwa kwa vyombo. Yalikuwa mbele ya macho yake wakati wote, kama mtu anayetafuta nyundo huku ameishika.

Kisha ikaja harusi ya binti. Walimzaa huyo mmoja tu. Mama mtu aliapa kwamba kichwa cha mwanawe hakitaguswa na mkono wa mtu mwingine. Alianza alfajiri, na kila aliyepita alisimama kutazama, maana alikuwa anasuka kitu ambacho mtaa ule haukuwahi kukiona, mistari inazunguka sikio kama maji yanavyozunguka jiwe. Upande wa kulia ukaisha. Uzi ukaisha pia.

"Nakuja mwanangu. Nafika dukani tu."

Dukani alifika. Uzi alinunua. Kurudi akakuta mama mmoja amekaa njiani na mizigo, gari limemshusha mahali sipo. Akambebea. Akampeleka mpaka anakokwenda, ng'ambo ya soko, na huko akakaribishwa kiti. Aliporudi, uzi uko mkononi, gari la maharusi lilikuwa limeshaondoka. Watu walimngoja bibi harusi wakachoka, shangazi zake wakamfunika shela upande ule usiosukwa, wakamtoa hivyo hivyo.

Picha ipo, imetundikwa sebuleni kwenye ule ukuta wa rangi mbili. Bibi harusi amegeuza uso, kama aliyeitwa na mtu pembeni. Wageni husifu pozi. Msusi aliifuta vumbi kila wiki bila kuitazama.

Binti hakumtukana mama yake. Afadhali angemtukana. Aliendelea kuja, anasalimia kwa adabu, analeta zawadi, mama akiumwa anampeleka hospitali. Ila nywele, hapana.

"Njoo nikusuke, mwanangu."

"Asante mama, nimeshasuka kwa mtu."

Akisema hivyo, wazazi wote wawili walitazama chini.

Aliyefungua mlango alikuwa mteja. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, watu walimwita Sista, alikuja asubuhi kusukwa. Msusi akasema nakuja mara ya kwanza, akarudi. Mara ya pili, akarudi. Mara ya tatu jua likapinda. Wateja wengine husonya, hupiga simu, huondoka. Sista alikaa, mikono kifuani, kama aliye kazini. Msusi aliporejea alikuwa amebeba ndoo isiyo yake.

"Samahani, Sista wangu. Samahani sana."

"Sina haraka. Mama, ulipotoka hapa ulikuwa unafuata nini?"

"Mafuta."

"Yako wapi?"

Msusi akaitazama ndoo. Akacheka, na Sista akacheka. Halafu Sista akauliza taratibu, "Na shuleni ulikuwaje?"

"Shuleni? Nilikuwa dirishani. Walimu walinijua kwa kisogo."

"Na ulikuwa hupendi kusoma?"

"Nilipenda. Ndiyo maana nikipigwa nilikuwa nalia kwa uchungu wa kitu kingine kabisa, si wa fimbo."

Sista hakuuliza tena. Siku ile aliondoka na nusu kichwa chini ya kitambaa, maana giza lilikuwa linaingia. Aliporudi kumaliziwa, alisema yeye anafanya kazi kliniki ya afya ya akili, na angependa mama afike huko aonane na daktari.

"Mimi si mwendawazimu, Sista."

"Sijasema. Mbona mimi naenda kila siku?"

"Wewe unalipwa."

Walicheka, lakini usiku huo msusi hakula. Fundi aliona. Alipoulizwa maoni yake alisema, "Umri wote huu tumeishi bila daktari wa kichwa. Leo ndio tuanze?" Hakusema kwa ubaya. Aliona amesema la kumtuliza.

Mkewe alikwenda. Fundi akamsindikiza, maana akiachwa aende peke yake asingefika.

Daktari alikuwa kijana mpole, maswali yake mengi kama ya posa. Alimuuliza mgonjwa, akamuuliza na mume.

"Mama akianza jambo, hulimaliza?"

Fundi akafikiri. "Binti alimzaa mzima."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Walirudi mara nyingine mbili tatu, maswali juu ya maswali, presha ikapimwa, damu ikatolewa. Mwisho akasema hali hiyo ina jina, herufi nne za Kizungu, ADHD. Aliziandika kwenye karatasi. Kati ya wazee wale wawili hakuna aliyejua maana yake, basi akaeleza kwa maneno ya kawaida.

"Mama uwezo anao. Taabu yake ni kuchagua. Mzee, wewe ukiwa unashona kiatu na bomba likawa linavuja, unalisikia, unaliacha, unaendelea. Kwake yeye kiatu, bomba, mtoto anayelia, mtu anayepita, vyote vinamwita kwa sauti moja. Amezaliwa hivyo. Si uvivu, wala si dharau kwa mtu."

"Wala si dharau kwa mtu," msusi akarudia polepole.

Daktari akasema dawa zipo, ila kwa presha ile asingependa kuzikimbilia. Wataanza kwa kupanga mambo upya, na kwa kukutana na wenzake wenye hali hiyo.

Njiani kurudi, msusi alinyoosha moja kwa moja mpaka nyumbani. Hakusimama kwa mtu, hakuchungulia duka, hakuokota kitu. Fundi akaogopa. Walipofika mlangoni, ndipo alipofungua mdomo.

"Fundi. Yule mtoto sikumwacha nusu kichwa kwa sababu simpendi."

"Najua."

"Wewe unajua. Yeye je?"

Fundi akasukuma mlango, wakaingia. Tangu hapo alijua mkewe anataka nini. Hakutaka kupona, wala hakutaka watu waache kumwita Nakuja. Alitaka kichwa kile kirudi kitini, akimalize.

Wenzake wa kliniki walikutana Alhamisi, saa nne asubuhi. Saa nne ilikuwa ya mdomoni, hakuna aliyewahi kufika saa nne. Palikuwa na dereva wa lori aliyewahi kuendesha siku nzima akafika na kukumbuka kwamba mzigo ameuacha. Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyeweka funguo kwenye jokofu na nyama kwenye mkoba. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakisimuliana aibu zao, wakikatizana maneno, hadithi tano zinakwenda kwa pamoja na hakuna aliyepotea. Siku ya kwanza msusi alirudi nyumbani sauti imekauka kwa kucheka.

"Fundi, kumbe tuko wengi. Na kila mmoja alidhani yuko peke yake."

Waume na wake waliosindikiza walikaa ukutani. Hapo ndipo Fundi alipomsikia Sista akisema maneno ambayo wengine waliyachukua kuwa ya kawaida. Alisema wengi wao kazi huwaendea vizuri wakiwa na mtu pembeni. Hahitaji kuwa msaidizi, hahitaji kusema kitu. Ni mtu tu, amekaa, anafanya lake.

Msusi hakugeuka kumtazama mumewe. Fundi aliinamisha kichwa, akatazama viatu vya watu. Aliviona vyombo vyote vile vilivyolala majini. Aliisikia redio.

Kesho yake asubuhi alifunga kibanda chake, akabeba sanduku la zana na kigoda, akakiweka mlangoni pa saluni. Mkewe alikuwa anachana nywele za mteja. Akamwona kwenye kioo, mkono ukasimama kidogo.

Wateja ndio waliosema.

"Haya, leo saluni imepata askari."

"Fundi, geukia ukutani, tunavua vitambaa."

"Umekuja kuchunga mke uzeeni? Ungeanza mapema, tulishamwiba zamani."

Fundi akagonga soli. Baada ya siku chache walimzoea kama benchi. Wakaleta viatu vyao. Mambo aliyoyasikia mlangoni pale, waume wa mtaa mzima wangeyasikia wangehama.

Alimshonea mkewe na ukanda wa ngozi, wenye kitanzi cha kila kitu, kitana kikubwa, kidogo, mkasi, uzi, kopo la mafuta. Akaukata kwa ngozi ngumu ya begi, akaupiga mshono wa mara mbili. Vitu vya kufuata ndani vikapungua. Na msusi akianza kutoka, akifika mlangoni anakutana na magoti ya mtu.

"Nakuja, Fundi."

"Unafuata nini?"

Anafikiri. "Sijui."

"Basi."

Anarudi. Vichwa vikaanza kuisha. Kuna siku alimruka pamoja na kigoda chake, akarudi jioni na kuku wa watu kwapani. Lakini siku nyingi alimaliza kichwa kizima, na mteja akisimama mbele ya kioo akajigeuza huku na huku, msusi alikuwa anamtazama mumewe kama mtoto aliyepita mtihani.

Jikoni nako Fundi alikaa. Vyombo vikaoshwa. Siku moja mkewe akauendea ule ukuta wa sebuleni, naye akahamisha kigoda akakaa. Ukaisha kabla ya mchana. Ila bluu ile ya zamani haikuwepo tena dukani, walipata inayofanana nayo. Sasa ukuta una bluu mbili, na mpaka wake unaonekana vizuri sana jua likiingia.

"Ungeisha siku ileile ingekuwa rangi moja," msusi alisema.

"Ungeisha," Fundi alisema.

Akabeba kigoda, akarudi mlangoni.

Kilichobaki ni binti. Msusi hakutaka kumwambia mwenyewe. "Nikimwambia nimekuwa mwingine, atasikia nakuja ileile. Mwambie wewe, Fundi. Wewe husemi hovyo, atakuamini."

"Atakuja mwenyewe."

"Lini?"

"Atakuja, bibie. Usimkimbize."

Ukapita mwaka, ukaanza mwingine. Fundi alikuwa na maneno, hakujua pa kuyaanzia. Binti akija, anamsalimia, anaangalia viatu vyake, anasema soli hii imechoka lete nikushonee, na hapo ndipo mazungumzo yao yalipoishia siku zote. Alidhani siku zipo. Mkewe ndiye aliyekuwa mtu wa kuahirisha, si yeye, basi hata hakujiona kwamba anaahirisha.

Siku aliyosema, alisema kwa bahati. Binti alileta dawa za presha za mama yake, akawa anataka kuwahi kuondoka. Saluni palikuwa na mteja, kichwa kimefika katikati.

"Keti kidogo," Fundi akamwambia.

"Baba, nina kazi."

"Keti hapo kwenye benchi. Mwangalie mama yako."

Binti akashangaa, maana baba yake hakuwa mtu wa kuamuru. Akaketi, mkoba magotini. Mama yake alimwona kwenye kioo. Mara moja aligeuka kuelekea mlangoni. Fundi alikuwa anapiga uzi nta, hakuinua macho. Msusi akamwona, akarudi kwenye kichwa. Akasuka. Akasuka mpaka mwisho, akakata ncha za nyuzi, akapaka mafuta, akampa mteja kioo kidogo ajione kisogo.

Binti alinyanyuka, akaaga, akaondoka. Barabarani Fundi alimwona amesimama muda mrefu bila kuvuka, na magari hayakuwepo.

Wiki hiyohiyo binti alimpigia simu baba yake. "Baba, mwambie mama Jumamosi nitakuja. Aniwekee zile za kuzunguka sikio."

Fundi alipofikisha ujumbe, mkewe alikaa chini sakafuni na ukanda wake wote kiunoni, vitana vikagonga saruji. "Alisema za kuzunguka sikio? Kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Na Ijumaa ikaja kabla ya Jumamosi.

Binti alifika hospitali mbio. Simu ilimkuta nyumbani kwake anafumua nywele, ili akija kesho mama yake asihangaike. Hakuwa amemaliza. Upande mmoja ulikuwa umefumuliwa, umesimama, upande wa pili bado una mistari ya mtu mwingine. Alijifunga kanga ya kwanza aliyoiona, nayo iliteleza alipomwinamia mama yake. Hakuna aliyemwambia ajifunike.

Baada ya msiba watu walitawanyika, kila mtu na shughuli zake. Fundi hakurudi kibandani. Hakuwa na anachongoja, lakini kila asubuhi alibeba kigoda akakiweka palepale, akashona viatu mlangoni pa chumba kisicho na mtu. Maji ya chai alibandika mwenyewe na kuepua mwenyewe. Hayakukauka jikoni hata siku moja, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Binti alikuja siku ya mapumziko kusaidia kuondoa vitu. Alileta maboksi. Akafungasha mataulo, akafungasha makopo, akazikuta rasta zile nyeusi juu ya taulo lake, hazijaguswa. Akasimama nazo mkononi. Kisha akaziweka mezani, akavua kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimechanwa tu zikafungwa nyuma, hakuwa amesuka tangu siku ile.

Akaketi kwenye kiti. Akauchukua ukanda wa ngozi uliokuwa umetundikwa nyuma ya mlango, akaulaza mapajani, akachomoa kitana kidogo. Akaanza kujigawia nywele mbele ya kioo. Mkono wa mama yake hakuurithi, mstari wa kwanza ulipinda kama njia ya mbuzi. Akaufuta, akaanza tena.

Fundi akajikusanya anyanyuke, akidhani mwanawe anataka kuwa peke yake.

"Baba, usitoke."

"Nipo."

Akasuka upande wa kulia. Alipofika upande wa kushoto, ule uliofunikwa shela, mikono ikasimama. Alimtazama baba yake kwenye kioo.

"Baba. Ile Ijumaa asubuhi, alijua kweli kwamba nakuja?"

"Kiti hiki alikifuta mara mbili."

"Alisema nini?"

Fundi akatema misumari yote kiganjani, mmoja mmoja, mpaka mdomo ukawa mtupu. Hakutaka hata neno moja lipotee. Akayasema kama alivyoyasikia, yale aliyoyasema mkewe akiwa amesimama nyuma ya kiti hichohicho, anatazama kwenye kioo hichohicho:

"Kesho mwanangu akikaa hapa, Fundi, wewe kaa palepale ulipo. Usinisemeshe, usinisaidie. Nikigeuka nikakukuta, nitamaliza."